Mpira wa Milimita Sitini na Mbili

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Siku ya mwisho ya likizo ya Desemba, Mjomba alipotoka kwenda stoo, niliketi kwenye kiti chake, nikaandika neno lake la siri kwenye kompyuta, nikabadilisha namba moja. Palikuwa na sitini na nne. Nikaweka sitini na mbili. Kisha nikainuka na kukipangusa kiti kwa kiganja, kana kwamba wivu unaacha vumbi.

Mjomba ni mkuu wa ofisi ya michoro kwenye kiwanda cha pampu za mkono, zile za kuvuta maji kisimani. Kiwanda kinatengeneza aina tisa za pampu, na habari zake zilikuwa zimetapakaa kwenye madaftari, makabati na vichwa vya mafundi. Likizo mbili mfululizo nilikaa kwake tukizihamishia kwenye kompyuta. Mimi ndiye niliyepanga ukoo: juu kabisa Pampu, mama wa wote, mwenye sifa ambazo kila pampu inazo, chini yake watoto, pampu za visima vifupi na za visima virefu, wanaorithi sifa za mama na kuongeza zao. Mjomba, ambaye humpa kila mtu jina la utani, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mpwa wangu, Kamusi, ndiye aliyezaa haya yote." Nilikuwa naona haya, huku nikitamani aseme tena.

Desemba ile akaja Rula. Ni binti wa Mama Mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi, mrefu, amenyooka, na jina likaja lenyewe. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua. Wiki ya pili alikuwa ameshaanza kuupanga upya ukoo wangu, na Mjomba alikuwa akicheka naye kile kicheko nilichodhani ni changu. Jumatatu Rula angemwonyesha meneja mpangilio wake mpya kwa kutumia pampu namba saba. Nilitaka mpira wa pistoni wa namba saba, ule unaobana ndani ya silinda ili maji yapande, uonekane na kipimo kibaya umwaibishe, basi. Mchana wa siku hiyo ya mwisho, Jumamosi, nikapanda basi kurudi bwenini.

Shuleni kwetu simu haziruhusiwi, kwa hiyo mimi na Mjomba tuliandikiana barua. Zake ninazo. Zangu niliziandika kwanza kwenye daftari, maana mimi hata salamu huzifanyia mazoezi.

*

21 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, wewe na Mkaza Mjomba, na kiuno chake kinachomsumbua nacho nakiamkia. Mimi nilifika salama, ila sanduku langu lilipoteza mshikio njiani na sasa nalipakata kama mtoto. Mama ameandika kwamba Bibi alipelekwa kupimwa macho. Alimsomea daktari herufi zote bila kosa hata moja, daktari akashangaa, kumbe alizikariri akiwa kwenye foleni akiwasikiliza waliomtangulia. Imebidi arudi wiki ijayo.

Kidato cha tatu ni kigumu lakini si sana. Maktaba imepata rafu mpya na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga vitabu. Mwalimu wa maktaba anasema hajawahi kuona mtu anayepanga vitu kama mimi. Nakuambia kwa sababu najua utafurahi.

Nilitaka kuuliza jambo dogo. Jumatatu ile ilikwendaje? Yaani lile onyesho la Rula mbele ya meneja. Nauliza tu, kwa kuwa mtu akishazaa kitu hupenda kujua kinalelewaje. Kama kulitokea kosa lolote usimkaripie sana, bado ni mgeni. Na kama mmeamua kurudia mpangilio wangu, ule wa kila pampu kubeba orodha yake kamili ya vipuri, daftari langu la maelezo liko kwenye droo ya chini upande wa kulia.

Nisalimie Rula, kama ana nafasi ya kusalimiwa.

Mpwa wako,
Kamusi

*

9 Februari

Mpwa wangu Kamusi,

Marahaba mara mbili, moja yangu na moja ya kiuno cha Mkaza Mjomba, ambacho kilipokea salamu zako kikalainika siku nzima. Usimcheke Bibi yako. Mimi mwanawe nilifaulu darasa la saba kwa njia hiyo hiyo. Hapa nyumbani bomba la jikoni linavuja. Mtengeneza pampu, bomba linavuja! Majirani wamepata pa kunichekea mpaka mwaka uishe.

Sasa Jumatatu. Ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Rula alisimama mbele ya meneja bila karatasi mkononi. Akamwambia, "Mpira wa pistoni ulikuwa umeandikwa mara tisa, mara moja kwa kila pampu. Tukitaka kuubadilisha tulikuwa tunabadilisha mara tisa, na ikifika ya tisa mtu amechoka. Tangu wiki iliyopita mpira ni kitu kinachojitegemea. Umeandikwa mara moja, na pampu zote tisa zinauelekezea kidole tu. Ukiugusa hapa, zote tisa zinajua." Meneja akauliza, "Na ukiugusa vibaya?" Rula akasema, "Basi zote tisa zitakosea, mzee, lakini angalau zitakosea kwa umoja." Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Binti huyu ana kichwa, Kamusi. Ungemwona.

Nakumbuka alitueleza jambo hili hapa ofisini ulipokuwepo, ila wewe ulitoka kwenda kunywa maji ukarudi baada ya nusu saa. Kiu gani hiyo!

Madaftari ya zamani tumeyafungia stoo. Wiki hii chumba cha kukatia mipira kimepokea karatasi yake ya kwanza iliyotoka moja kwa moja kwenye kompyuta: mipira mia sita, kazi ya wiki mbili. Fundi mkata mipira amenung'unika kwamba kipimo si kile anachokikumbuka. Tukamwambia, fundi, mfumo umesema, na tumezifungua pampu zote tisa kwenye kompyuta, zote zinasema hivyo hivyo.

Soma kwa bidii. Rula anasema alipokuwa kidato cha tatu alikuwa wa kwanza katika hisabati. Nakuambia upate hamu tu.

Mjomba wako

*

Barua hiyo niliisoma nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha bweni, na nikaielewa hapo hapo. Nilidhani nimegusa pampu moja. Nilikuwa nimegusa tisa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka: zilikuwa zimekosea sawasawa. Mipira ilikuwa ikikatwa siku hizo hizo, na barua kutoka kwetu hadi kwake huchukua siku tatu. Bado ingewahi. Lakini jicho langu lilirudi kwenye neno moja, "Ungemwona", likaganda hapo.

*

13 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pole na bomba. Bibi amepata miwani lakini ameiweka kabatini ikiwa imefungwa kwa leso, isichakae. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akitaja neno "shikamoo" anakulowesha.

Nimefurahi kusikia kwamba Rula amewafurahisha watu. Furaha ni kitu kizuri. Ninachouliza ni kimoja tu: meneja aliambiwa ukoo ule ulianzishwa na nani? Kama aliambiwa, sawa. Kama hakuambiwa, pia sawa, mimi si mtu wa kutaka kutajwa. Kuhusu hisabati, mimi ni wa pili, na huyo wa kwanza ana kaka ambaye ni mwalimu.

Fundi mkata mipira ni mtu mwenye uzoefu. Huenda ingefaa kumsikiliza.

Mpwa wako,
Kamusi

*

Kwenye daftari, baada ya sentensi hizo mbili za mwisho, kulikuwa na ya tatu: "Mwambie aulinganishe mpira na mchoro wa zamani ulioko stoo." Niliinakili kwenye barua kwa wino. Kisha nikaona kwamba sentensi hiyo itamwokoa Rula pia. Nikachana karatasi, nikaandika barua upya bila hiyo, nikaitumbukiza posta.

Februari ikaisha bila jibu. Machi yote haikuja barua.

*

2 Aprili

Kamusi,

Hatujambo. Kiuno ni kile kile.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na maneno ya kukaa vizuri kwenye karatasi. Mipira imekatwa milimita sitini na mbili. Silinda zetu zote, za pampu zote tisa, zinataka sitini na nne. Mpira unapwaya, pampu inavuta hewa, maji hayapandi. Kabla hatujagundua, pampu kumi na saba zilikuwa zimeshafungwa visimani. Watu wanapampu mpaka mikono inakufa ganzi, wanapata mate. Zamani, pampu moja ikikosewa, nyingine nane zilikuwa zinaisuta. Safari hii zilikubaliana zote, kama mashahidi waliofundishwa.

Kompyuta inatunza kila badiliko, pamoja na saa na jina la mtu. Inasema namba ilibadilishwa Jumamosi ile uliyosafiri, saa nne na dakika kumi asubuhi, na jina ni langu. Saa hiyo nilikuwa stoo na mtunza stoo tukihesabu nati. Amenishuhudia. Neno langu la siri wanalijua watu wawili. Mmoja alikuwa anajiandaa kusafiri. Mwingine alikuwa chumba cha pili akichapisha michoro.

Meneja amemtoa Rula ofisini. Yuko sehemu ya kufungia mizigo, anapigilia makasha misumari. Kikao chake ni mwisho wa Juni. Akionekana na kosa ataondoka, na chuo chake kitaandikiwa, na sijui nani atamchukua baada ya hapo. Mama Mkubwa wako hajaambiwa.

Hapa chini nilikuwa nimeandika swali. Nimelikata.

Soma vizuri.

Mjomba wako

*

Mstari aliokata niliuinua kwenye mwanga wa dirisha la darasa. Alikuwa ameupitishia kalamu mara nyingi mpaka karatasi ikakwaruzika. Neno nililoweza kulisoma lilikuwa moja tu: "wewe".

Nilimfikiria Rula akiwa na nyundo. Nikiri ukweli wote: sekunde ya kwanza nilifurahi.

*

11 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema Bibi sasa anavaa miwani wakati wa kula, apate kuona alichopakuliwa, halafu anaivua akitaka kusoma. Mdogo wangu jino moja limeanza kuchomoza. Mvua zimeanza na paa la maktaba linavuja juu ya rafu ya jiografia. Nimekuwa wa kwanza katika hisabati. Yule mwenye kaka mwalimu alikuwa mgonjwa, lakini mtihani ni mtihani.

Pole sana kwa yaliyotokea kazini. Nimefikiri sana jinsi jambo kama hilo linavyoweza kutokea. Kompyuta hukosea, hasa umeme ukikatika na kurudi ghafla. Au mtu aliyezoea kugusa kila kitu aligusa bila kukusudia, halafu akaogopa kusema. Sisemi ni Rula. Nasema tu kwamba mpangilio wangu, wa kila pampu na orodha yake, usingeruhusu kosa moja kutembelea nyumba tisa. Labda hilo ndilo la kumweleza meneja: tatizo ni mpangilio mpya.

Mimi Jumamosi ile nilikuwa nafunga sanduku.

Mpwa wako,
Kamusi

*

6 Mei

Mpwa wangu,

Unasalimiwa na kila mtu, hata na bomba la jikoni, ambalo Mkaza Mjomba amelitengeneza mwenyewe kwa kipande cha mpira na waya. Ameniambia, "Mkuu wa michoro, haya, lichore sasa." Hongera ya hisabati. Mpe pole aliyekuwa mgonjwa.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Kisha nikashuka kwenye makasha, nikamsomea Rula ile sehemu ya mtu aliyezoea kugusa kila kitu. Sikupaswa kufanya hivyo. Nilifanya. Aliendelea kupigilia msumari mpaka ukazama wote. Akauliza, "Kamusi kasema hivyo?"

Nikamwambia, ndiyo.

"Basi mwache asome, Mjomba. Angalau mmoja wetu abaki na jina zuri."

"Rula, kuna jambo unalijua?"

"Najua nilichokuwa nakifanya mimi saa nne na dakika kumi. Wengine waulize wenyewe." Akachukua msumari mwingine, akacheka kidogo, si kicheko cha raha. "Kwani si wewe uliyekuwa unaniambia kila siku kwamba Kamusi hakosei?"

Ni kweli nilimwambia. Alipomaliza jambo vizuri nilimwambia, "Kamusi angelimaliza jana." Alipobuni habari ya mpira mmoja nilimwambia, "Subiri Kamusi aone ndiyo tujue kama inafaa." Siku ile ulipotoka kwenda kunywa maji katikati ya maneno yake, alikwenda kulia jikoni kwa Mkaza Mjomba. Alisema amesoma miaka mitatu chuoni ili aje kupimwa kwa mtoto wa shule ambaye hata kumsikiliza hataki. Na wewe huku nikakuandikia kwamba binti ana kichwa, ungemwona. Nilikuwa nawapampu wote wawili, mmoja huku, mmoja kule, nikidhani nachota bidii. Sikuangalia kilichokuwa kinapanda.

Sikuulizi kitu, Kamusi. Nina miaka hamsini na minne na sijawahi kuogopa jibu kama ninavyoliogopa hili. Kikao ni tarehe ishirini na nane Juni.

Mjomba wako

*

14 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Ni mimi. Niliketi kwenye kiti chako ulipokwenda stoo. Neno lako la siri ulinipa mwenyewe likizo ya kwanza, ili nisikusumbue. Nilifungua pampu namba saba, nikashuka mpaka kwenye mpira wa pistoni, nikabadilisha kipenyo. Nilikusudia Rula aaibike Jumatatu mbele ya meneja, kisha nyinyi mrekebishe, kisha wewe useme, "Kamusi asingekosea hivi." Nilikuwa nimeshaisikia sauti yako ikisema hivyo. Ndicho nilichokuwa nakitaka.

Sikujua kwamba mpira ni mmoja kwa pampu zote. Sikujua kwa sababu sikusikiliza, na sikuwa na kiu. Nilisimama kwenye bomba la uani nikiufungua na kuufunga mfereji ili nisimsikie Rula akieleza kitu ambacho nilitamani nikigundue mimi. Kama ningesikiliza, ningejua mkono wangu unafika wapi.

Lakini usidhani nilikosa kujua mpaka mwisho. Barua yako ya Februari ilinieleza kila kitu. Mipira ilikuwa haijaisha kukatwa. Niliandika sentensi ya kuwazuia, nikaiondoa. Na ile ya Aprili, uliyomsomea Rula, niliiandika nikijua. Rula hakugusa kitu.

Kuna jingine, na limeniuma kuliandika kuliko hayo yote. Mpangilio wake ni bora kuliko wangu. Wangu ulikuwa unauita mpira mmoja kwa majina tisa, na nilikuwa naona fahari kwa sababu orodha zilikuwa ndefu. Nimeijaribu yote miwili hapa kwenye karatasi jioni tatu kwa vitabu vya maktaba. Kila mara yeye ndiye anayeshinda.

Sijui niandike nini mwishoni.

Kamusi

*

25 Mei

Kamusi,

Barua imefika. Niliisoma stoo nikiwa nimeketi juu ya ndoo ya nati, na mtunza stoo akanipisha bila kuuliza.

Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika kwa muda ambao siujui, kwa hiyo usiniulize. Nimejikasirikia pia, lakini hiyo isikupunguzie yako.

Barua hii ningeweza kumpa meneja leo. Sitampa leo. Mdomo uliosema "mtu aliyezoea kugusa kila kitu" ndio unaopaswa kusema lingine. Mnafunga shule tarehe ishirini na moja Juni. Ndani ya bahasha kuna tiketi ya basi. Ukija, njoo. Usipokuja, tarehe ishirini na saba nitaipeleka mwenyewe, maana sitamwacha binti wa dada yangu aondoke kwa kosa lisilo lake.

Bibi hajambo. Anauliza kwa nini siku hizi nimekuwa mkimya kwenye simu.

Mjomba wako

*

Shule ilifungwa Ijumaa. Jumamosi nilipanda basi. Mjomba alinipokea, akabeba sanduku langu, na njia nzima aliongea habari za mvua. Mkaza Mjomba alinipa chakula, akaniambia, "Kula. Kesho kutwa utahitaji nguvu za kusimama."

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya meneja. Mjomba alisimama dirishani. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, lakini niliiacha mfukoni, nikasema tu. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe si yule aliyeuzaa ukoo wa pampu?"

"Ndimi."

"Na neno la siri ulipewa na nani?"

Nikamtazama Mjomba. Akasema, "Na mimi, mzee." Mchana ule alipewa barua ya onyo. Katika miaka ishirini na sita ya kazi ni ya kwanza.

Rula aliitwa. Alikuja na misumari mfukoni. Meneja akaniambia nirudie, nikarudia nikiwa nimemgeukia yeye. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Ulikusudia?" akauliza.

"Pampu moja nilikusudia. Nane sikujua."

"Nane hukujua kwa sababu ulikwenda kunywa maji."

"Ndiyo, dada."

"Hilo la dada liweke kwanza," akasema. "Nitakuambia siku ya kulitoa."

Alirudishwa ofisini siku hiyo hiyo, na kikao kikafutwa. Mimi nilikatazwa kuingia ofisi ya michoro. Niliomba kazi nyingine, nikapewa kazi ya kwenda kufungua zile pampu kumi na saba, zilizokuwa bado zinangoja mipira mipya, pamoja na fundi wa visima na Rula, ambaye alitaka kuona kwa macho yake kila mpira ukitoka. Tulianza Jumatano. Fundi aliendesha, Rula akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma na vipuri.

Kwenye kisima cha tatu alitungoja mama mmoja mwenye ndoo mbili. Hakungoja tushuke. "Mmekuja! Nani huyo fundi kipofu aliyetuwekea dude la kukohoa? Miezi mitatu tunalipapasa kama tunakamua ng'ombe dume!"

Fundi wa visima akaangalia pembeni. Rula aliinama akaanza kulegeza nati kana kwamba hajasikia.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe? Kamtu kama wewe?"

"Ndiyo, mama. Nilibadilisha namba ya kipimo. Nilikuwa na wivu na mtu."

Alinitazama juu mpaka chini, akamtazama na Rula, kisha akanipa ndoo zake nizishike. Nikazishika. Rula alitoa mpira wa sitini na mbili, akavalisha wa sitini na nne, akakaza, akanielekeza kwenye mkono wa pampu kwa kidevu. Niliweka ndoo chini nikapampu. Maji yalitoka mara ya kumi na moja. Nilijaza ndoo zote mbili, nikamtwisha yule mama moja, nikaandika tarehe na namba ya kisima kwenye fomu, nikampa Rula asaini, nikapanda nyuma ya gari, tukaenda kisima cha nne.